Sekunde Moja ya Mzee Kálmán

“Sekunde moja, Emese! Moja!” Mzee Kálmán aliinua kidole kimoja juu kana kwamba binti yake hajafundishwa kuhesabu. “Miaka kumi na moja nalala na sekunde hiyo, naamka nayo, nakunywa nayo kahawa. Leo unaniambia aliyeninyima ndiye anayetaka kuwa mkwe wangu?”

“Punguza sauti, Baba. Watu wanatusikia.”

“Wasikie! Walikuwepo siku ile, hawana jipya la kusikia.”

Walikuwa wamesimama nyuma ya gari kuukuu la mzee, buti liko wazi, mabawa ya akiba ya mbao yamefungwa kwenye shuka kama watoto wachanga. Huku na huku kwenye uwanda wa malisho nje ya mji wa Szentes, wanachama wa klabu ya kurusha ndege ndogo za mbao walikuwa kwenye viti vyao vya kukunja, na kila mmoja ghafla alikuwa amepata fundo la kufungua kwenye kamba yake. Hakuna anayesikia vizuri kama mtu anayejifanya ana kazi.

“Atakuja kuzungumza nawe baada ya raundi ya tano,” Emese alisema. “Nakuambia mapema ili usishtuke ukamrushia kitu.”

“Nitamrushia hata nisiposhtuka.”

“Baba.”

“Wanaume wamekwisha wilaya hii? Yule mwenye duka la matairi je?”

“Ana mke.”

“Wanaachana.”

“Wanaachana tangu mimi niko darasa la nane.”

Mzee alivuta sigara kwa nguvu, akainamia ndege iliyolala juu ya shuka. Bawa la kushoto lilikuwa na tundu dogo, pengine mwiba wa raundi iliyopita. Alitoa kwenye mfuko wa shati kichupa cha rangi ya kucha. Kilikuwa cha marehemu mkewe, Gizella. Rangi yenyewe iliisha zamani, sasa kilijaa vanishi ya ndege, ila kibrashi kilikuwa kilekile. Akabandika kipande cha karatasi, akapaka taratibu. Mikono yake haikuwa na hasira. Hasira ilikuwa mdomoni tu.

“Usiiguse,” alisema. “Dakika tatu kamili ikauke.”

“Najua, Baba. Nimeambiwa tangu nina miaka kumi na miwili.”

Sasa alikuwa na thelathini na saba. Alikuwa mkuu wa jiko la shule, mwenye mikono ya kuinua sufuria ya lita hamsini na ulimi wa kuwanyamazisha watoto mia tatu. Alipata kuolewa Budapest, akaachika, na mama yake alipofariki akaja kukaa na baba yake kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo zilikuwa zinaingia mwaka wa nane.

“Anaanza kazi Esztergom tarehe mosi Agosti,” alisema. “Kupima maji ya Mto Danube, kama anavyoupima Tisza hapa. Anataka twende wote.”

“Esztergom! Kilomita mia mbili!”

“Kuna barabara.”

“Najua kuna barabara! Barabara ndiyo shida yenyewe!” Alitupa sigara ikiwa nusu, akaisaga kwa kisigino mpaka tumbaku ikatoka tumboni. “Akipenda, chongo huita kengeza. Nenda kaolewe na huyo kengeza wako, lakini usinitake nimpe mkono.”

“Chongo gani? Wewe mwenyewe ulikuwa unasema hakuna mpima muda mwenye macho kama Botond.”

“Nilisema hivyo kabla ya ile mipopla!”

Habari ya mipopla aliijua kila mtu Szentes, kuanzia kinyozi mpaka mlinzi wa makaburi. Fainali ya kombe la taifa, ndege ya Mzee Kálmán ikapita nyuma ya safu ya miti hiyo mirefu, ikatokea, ikatua. Alihitaji sekunde mia na themanini. Botond, mpima muda, akaandika mia na sabini na tisa, akatia sahihi. Kombe likaenda kwa mtu wa Debrecen ambaye Mzee Kálmán alisema hata kushika gundi hajui.

Emese alifungua mdomo ajibu, lakini kipaza sauti kilimtangulia.

“Raundi ya nne! Kundi la pili mstarini!” Alikuwa Mama Ilonka, mkuu wa mashindano, mjane mwenye kofia ya majani na sauti isiyohitaji kipaza. “Kálmán! Ugomvi utaendelea baada ya chakula!”

Watu wakacheka. Mzee na binti wakachukua ndege yao, wakaenda mstarini bila kusemezana.

Ndege yenyewe haikuwa na injini wala rimoti. Mti mwepesi, karatasi nyembamba, mabawa mapana kuliko mikono ya mtu aliyeinyoosha. Mmoja huishika juu ya kichwa. Mwenzake, mita hamsini mbele, hukimbia na kamba mpaka ndege ipande kama tiara, kisha kamba ichomoke na ndege iwe huru. Tangu hapo hakuna awezaye kuiambia kitu. Ikikaa hewani dakika tatu, imepata alama zote za raundi. Ikizidi hapo ni hasara tupu, maana itakwenda itakakopelekwa na hewa. Kwa hiyo mkiani huwekwa utambi. Unawashwa kabla ya kurusha, unaungua polepole, unakata kijimpira, mkia unainuka, na ndege inashuka kama jani.

Mzee Kálmán na Emese walikuwa na utaratibu wao. Mzee huwasha utambi kwa sigara iliyo mdomoni. Emese hutazama moshi, kisha hupaza sauti, “Unawaka!” Ndipo mzee hukimbia.

Safari hii mzee alifika mwisho wa kamba na mdomo mtupu, kichwa kimejaa Esztergom. Na Emese, badala ya kutazama mkia, alitazama meza ya wapima muda.

Botond alikuwa amekwisha simama, darubini shingoni, kalamu sikioni. Alikuwa mrefu, ameinama kidogo, na ule utulivu wa mtu anayeshinda ukingoni mwa mto akisoma namba. Mfuko wa koti lake ulikuwa umevimba, na kwenye ukingo wake ilichungulia ncha ya kitambaa chenye mistari. Emese aliikazia macho. Tai. Mwanamume mzima amekuja na tai kwenye malisho ya ng’ombe! Botond akahisi anatazamwa, akaisukuma ile ncha ndani kwa kidole, akawa mwekundu mpaka masikioni. Walitazamana kitambo kifupi tu, lakini moyo wa Emese uligonga kama mlango uliosahauliwa wazi.

Hakumwekea sharti lolote, Botond. Alisema tu: “Tarehe thelathini napakia. Nusu ya kabati nitaiacha wazi. Ukija, utaijaza.” Na nisipokuja? Emese alimuuliza. “Itakaa wazi.”

“Tayari?” mzee alipiga kelele kutoka mbali.

“Tayari!” Emese alijibu.

Hakusema unawaka. Hakuangalia.

Mzee wa miaka sabini na moja alikimbia kama kijana aliyeona basi linaondoka. Ndege ikamponyoka Emese mikononi, ikapanda wima, ikafika juu kabisa, kamba ikachomoka. Ikaanza kuzunguka kwa duara pana, tulivu. Korongo wawili waliokuwa wakielea juu ya uwanda bila kupiga mbawa waliipisha, na hapo kila mtu akajua imekamata hewa ya moto inayopanda.

“Safi,” alisema mtu nyuma.

Dakika moja. Mbili. Mzee alikuwa amerudi, anahema, kofia mkononi. Alisahau kwamba amenuna.

“Iangalie,” alimnong’oneza binti yake. “Iangalie inavyopanda, Gizi wa watu.” Karatasi ya mabawa yale ilibandikwa na Gizella, Gizi wake, majira ya baridi yake ya mwisho, ameketi kitandani na blanketi magotini.

“Mia na themanini,” Botond alisema mezani. “Kamili.”

Watu wakapiga makofi. Kisha makofi yakapungua moja moja, kwa kuwa mkia haukuinuka. Ndege iliendelea kuzunguka, ndogo zaidi kila mzunguko, ikisogea upande wa mashariki.

“Utambi,” Mzee Kálmán alisema polepole. Akagusa midomo yake, mahali sigara inapokaa. “Emese, utambi uliwaka?”

Emese alijikinga macho na jua la Julai, akautafuta moshi mkiani. “Sikuangalia.”

“Kazi yako ni kuangalia!”

“Na kazi yako ni kuwasha!”

“Ulikuwa unaangalia nini?”

Mzee aligeuza shingo mpaka meza ya wapima muda, akapata jibu mwenyewe.

Mama Ilonka alitangaza mapumziko hadi saa nane. Supu ya nyama na pilipili nyekundu ilikuwa inachemka kwenye sufuria ya kuning’inia, watu wakaifuata. Sheria ya klabu ilikuwa ndege moja kwa mtu, aliyoiunda kwa mkono wake. Ikipotea, hakuna raundi ya tano. Lakini si raundi iliyomfanya mzee akae chini ghafla kwenye nyasi. Emese alijua ni karatasi ile.

“Botond, umeshaandika,” Mama Ilonka alimwambia. “Kaa ule.”

Botond hakukaa. Alikuwa bado amesimama, darubini machoni, hapepesi. Supu ikapakuliwa, mikate ikapakwa mafuta na kurundikiwa vitunguu, yeye amesimama vilevile. Mwishowe alishusha darubini, akanyoosha mkono mbele, akapima upeo wa macho kwa vidole. Akaja moja kwa moja kwa Mzee Kálmán.

“Mzee,” alisema, “nimeifuata dakika tisa na sekunde arobaini. Shika mnara wa maji, vidole viwili kulia. Vuka barabara ya lami. Shamba la pili la alizeti, karibu na mwisho. Ilikuwa inashuka.”

Mzee alimgeukia Emese. “Mwambie huyo bwana kwamba upepo unaelekea mferejini.”

“Amekusikia, Baba. Yuko hapa.”

“Mwambie tu.”

“Baba anasema upepo unaelekea mferejini,” Emese alisema.

“Chini, ndiyo,” Botond alijibu kwa upole. “Kule juu umegeuka.”

“Mwambie,” mzee alisema akiinuka na kujipangusa, “nilikuwa nasoma upepo wakati yeye bado anavaa nepi.” Akaingia garini, akapiga mlango mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haufungi, akaondoka kwa vumbi upande wa mfereji.

Mama Ilonka alimtia Emese mkononi mfuko wa vimkate vya jibini. “Nendeni,” alisema. “Na mrudi saa nane. Nawafahamu nyinyi.”

*

Waliacha gari la Botond kando ya lami, wakaingia shambani kila mmoja kwenye mstari wake, ili wapekue nafasi kubwa zaidi. Alizeti zilikuwa zimewapita kimo. Kati yao ulikuwa mstari mmoja wa mashina. Emese alimwona Botond vipande vipande: bega, mkono, kisha sikio lenye kalamu. Majani yalikwaruza, nyuki wakavuma, na unga wa njano ulianguka mabegani mwao kila walipogusa ua.

“Ni kosa langu,” Emese alisema. “Niliangalia tai yako badala ya mkia.”

“Uliiona?”

“Imeiona klabu nzima. Ni ile ya mistari?”

“Ndiyo pekee niliyonayo.”

Emese alicheka, kisha kicheko kikamwishia. Walitembea kidogo.

“Botond. Siku ile ya mipopla, kama ungejua kwamba mimi na wewe tutakuja kuwa hivi. Ungemwongezea hiyo sekunde?”

Alisikia hatua zake, moja, mbili, tatu.

“Hapana.”

“Hata kwa ajili yangu?”

“Niliona mia na sabini na tisa.”

“Mwanamke anakuuliza swali la mapenzi, wewe unamjibu kwa saa!”

“Ulitaka nidanganye?”

Emese alimkumbuka mume wake wa zamani, mtu wa maneno matamu kama asali, aliyesema “niko kazini” miaka mitatu mfululizo na kazi yenyewe ilikuwa na nywele nyekundu. Alisukuma jani lililomziba uso.

“Hapana,” alisema. “Nilitaka kusikia utakavyojibu, basi.”

Hatua za upande wa pili zilikoma.

“Nimekudanganya mara moja,” Botond alisema.

Emese naye akasimama. Kupitia mashina alimwona jicho moja na nusu ya mdomo.

“Lini?”

“Mwanzoni kabisa. Majira ya kuchipua ya mwaka juzi, nilipoikuta ndege ya baba yako kwenye matete.”

Emese aliikumbuka simu hiyo neno kwa neno. Chini ya bawa Mzee Kálmán huandika, kama wote waandikavyo, jina lake, anwani yake, na namba yake ya simu. Halafu mstari wa pili: *Nisipopatikana: Emese, anwani ileile*, na namba. Alikuwa jikoni, mikono imejaa unga, mtu mwenye sauti ya chini akasema: Samahani, namba ya kwanza haipatikani.

“Ulisema namba ya Baba haipatikani.”

“Sikuipiga.”

“Hukuipiga?”

“Nilikuwa nimekuona mashindano matatu, umeshika ndege juu ya kichwa. Unasimama imara, halafu ikiondoka unabaki na mikono juu, kama umesahau kuishusha. Nilijua mzee atanikatia simu. Lakini hata kama asingenikatia...” Alilisogeza jani lililomziba. “Nilitaka kusikia sauti yako. Nikasema uongo. Umenikaa rohoni tangu siku ile.”

Mtu asiyeweza kuongeza sekunde moja hata kwa kombe la taifa, Emese aliwaza, alisema uongo ili asikie sauti yangu. Akapitisha mkono kati ya mashina mawili. Botond akaushika kwa mikono yote miwili, akauinua, akauweka shavuni. Shavu lilikuwa la moto. Unga wa njano ulikuwa kwenye kope zake, na Emese aliona kwamba kama angeulizwa wakati ule anataka nini duniani, asingehitaji dakika tatu za kufikiri.

“Kwa hiyo kudanganya unajua!”

Sauti ilitoka mistari miwili mbele. Botond aliuachia mkono kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Emese alitenganisha mashina, akapenya.

Mzee Kálmán alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, ndege ikiwa mapajani mwake, nzima, ila tundu moja jipya kwenye bawa. Kofia yake, mabega yake na masharubu yake vilikuwa vya njano.

“Baba! Ulisema unaenda mferejini.”

“Nilienda.”

“Mferejini kuna alizeti?”

“Nilipita tu.”

“Ulipita vidole viwili kulia mwa mnara wa maji, ukavuka lami, ukaingia shamba la pili, ukapita karibu na mwisho?”

Mzee alipuliza unga kutoka kwenye masharubu. “Macho yake sina ugomvi nayo,” alinung’unika. “Ugomvi wangu ni kalamu yake.”

Botond alitokea kati ya majani. Aliutazama uso wa mzee, akatia mkono mfukoni, akatoa tai. Vidole vilivyopima mto miaka ishirini viliifunga shingoni kwa haraka. Fundo likaenda upande.

“Na hiyo kamba ya nini?”

“Ni tai, mzee.”

“Naona ni tai. Nauliza ya nini.”

“Nimekuja kuomba ruhusa ya kumwoa Emese. Nilitaka kungoja raundi ya tano, lakini umeshasikia, kwa hiyo bora niseme sasa. Sina maneno mengi. Nampenda. Sinywi kupita kiasi. Ninachoona ndicho ninachosema.”

“Mara zote isipokuwa moja!”

“Isipokuwa moja,” Botond alikubali.

Mzee alikuwa anapapasa karatasi ya bawa, pale ambapo mkewe aliunganisha vipande viwili na mshono haukuonekana. Alipozungumza tena, alimtazama Emese, na ile sauti ya nyuma ya gari haikuwepo.

“Nani atanishikia ndege?”

Ndipo Emese alipoelewa kwamba kwa muda mrefu sasa ugomvi haukuwa wa sekunde. Sekunde ilikuwa kisingizio tu, kimetundikwa mlangoni ili mtu asiingie ndani kuona mzee anaogopa nini. Akachuchumaa mbele yake.

“Baba, nilikuja kwa wiki mbili.”

“Sikukulazimisha ukae.”

“Hukunilazimisha. Lakini hukuniambia niende pia. Kila nikitaka kusema, kuna mashindano Jumamosi.”

“Mashindano yapo kweli.”

“Yapo. Na Mama Ilonka ana mikono miwili, na ameitazama ndege yako miaka ishirini. Ndege, nasema.”

“Yule? Anapiga kelele.”

“Vizuri. Atakapoona hakuna moshi utamsikia.”

Kona ya mdomo wa mzee ilicheza, akaizuia. “Ananiacha, Gizi,” aliiambia karatasi. “Kwa mtu wa mia na sabini na tisa.”

“Sikuachi. Nahama. Ni vitu viwili, na wewe unavijua, ila unapenda kuvichanganya.” Emese alisimama. Alikuwa amechoka kuomba ruhusa kwa maneno. Maneno baba yake aliweza kuyajibu siku nzima. Alimwendea Botond, akamchomoa kalamu sikioni, akarudi, akaipindua ndege mapajani mwa baba yake. Chini ya bawa, mwandiko wa mzee ulikuwa pale pale: *Nisipopatikana: Emese, anwani ileile.*

Akapiga mstari juu ya *anwani ileile*.

“Botond,” alisema bila kugeuka. “Nyumba ni namba ngapi?”

“Nyumba ipi?”

“Ya Esztergom! Yenye kabati!”

Botond alijibu kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha ndege tawini: “Mtaa wa Malom, kumi na nne. Ghorofa ya pili.”

Emese akaandika. Alibonyeza taratibu asitoboe karatasi, herufi moja baada ya nyingine, mtaa, namba, ghorofa, mji. Namba ya simu akaiacha kama ilivyokuwa.

“Hilo... hilo ni jibu?” Botond aliuliza.

“Unataka na mhuri?”

Botond hakutaka mhuri. Alikaa chini papo hapo, kwenye udongo, na tai yake.

Mzee Kálmán aliyasoma maandishi mapya kwa muda mrefu, midomo inacheza. Nyuki mmoja alitua kwenye bawa, akaliacha.

“Ni wewe uliyempa namba yangu, Baba,” Emese alisema. “Kwa mwandiko wako.”

“Naona.” Alikohoa. “Na wewe umeandika kama mtoto. Wino huo utafutika kwa umande wa kwanza. Ndege ikiangukia mbali, mtu ataipelekaje Esztergom kama hawezi kusoma?”

Akatia mkono kwenye mfuko wa shati. Akatoa kichupa cha Gizella, akakifungua kwa meno kama alivyozoea, na kwa kibrashi kilekile akaanza kupaka vanishi juu ya anwani, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kuruka herufi hata moja. Emese aligeuza uso kidogo. Alizeti zilikuwa zimefifia machoni pake, zimekuwa njano moja kubwa.

“Isiguswe,” mzee alisema. “Dakika tatu kamili.” Kisha, bila kumtazama: “Haya, wewe mwenye saa. Pima.”

Botond alitoa saa ya kupimia, akabonyeza.

Wakakaa watatu kwenye udongo, ndege katikati yao. Emese aligawa vimkate vya Mama Ilonka; kila mmoja akatafuna chake. Mbali, kipaza sauti kilikuwa kinaita watu wa raundi ya tano, na jina la Kálmán lilitajwa mara mbili, la pili kwa ukali. Mzee alipangusa makombo masharubuni, akainuka kwa goti moja, akanyoosha mkono kulikamata bawa.

“Imekauka. Twendeni.”

“Bado,” Botond alisema, macho kwenye saa. “Sekunde moja.”

Mkono wa mzee ulibaki hewani. Emese aliacha kutafuna. Mzee Kálmán alimtazama yule mtu mwenye tai ya upande, akamtazama vizuri, kama kwa mara ya kwanza, kisha akaurudisha mkono gotini, akaingoja sekunde hiyo.